Kutoka Nanyuki Hadi Mega kwa Barabara ya Texas

Tangu nirudi Grand Prairie, kila ninayekutana naye ana swali moja. Kanisani wananiuliza, ghalani ninakofanya kazi wananiuliza, na juzi Mama Brian alinishika mkono katikati ya duka, kando ya viazi: "Mwikali, ni kweli polisi aliwasimamisha mkiwa ndani ya gari lisilo na usukani?"

Usukani ulikuwepo. Lakini nimechoka kusimulia kipande kipande huku foleni ikitusubiri, kwa hiyo nimeandika yote hapa, someni wenyewe.

Kwanza mjue lori lilitoka wapi. Babu yetu, baba wa baba, alikuwa dereva katika kampuni ya usafirishaji ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili. Walibeba unga, petroli na askari kuelekea Uhabeshi, na vituo vyao baba alitufundisha kama watu wanavyofundishwa sala: Nanyuki, Isiolo, Laisamis, Marsabit, Moyale, Mega. Vita vilipokwisha, babu alinunua lori moja la aina ileile jeshi lilipokuwa linayauza, akarudi nalo Machakos.

Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake, mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu, Kioko na Nduku. Nilipokuwa nawaogesha niliwaimbisha vile vituo, maana nyimbo nyingine za kuogeshea watoto sikuzijua. Niliwapa pia sheria mbili za msafara wa babu. Ya kwanza, gari la polepole ndilo hutangulia. Ya pili, gari lililosimama njiani halipitwi. Hivyo ndivyo tulivyokwenda shuleni, kanisani na mtoni: Nduku na miguu yake mifupi mbele, Kioko katikati akinung'unika, mimi nyuma.

Leo Nduku ni muuguzi Houston, na Shangazi Ndunge, mtoto pekee wa babu aliyebaki, amekaa naye miaka mingi. Macho ya shangazi yamefifia, na aliamua kurudi Machakos moja kwa moja. Alipokuwa msichana, kazi ya kufungua lango lori la babu likirudi ilikuwa yake. Babu alipofika kwenye kona ya chini alipiga honi, mbili fupi na moja ndefu, na shangazi akatoka mbio. Wiki chache kabla ya safari yake aliniambia kwa simu: "Mwikali, ningeisikia honi hiyo mara moja tu, ningepanda ndege nimeshiba."

Nikamjibu, "Utaisikia."

Jinsi nilivyotafuta sitawachosha. Tosheni na hili: lori la aina ile lipo Fort Worth, kwa mzee mmoja aitwaye Wendell, na siku ileile ya shangazi kusafiri mzee huyo alikuwa analipeleka Houston kwenye maonyesho ya magari ya vita. Shangazi angetoka nyumbani kwenda uwanja wa ndege saa kumi jioni. Sisi tungetoka alfajiri. Nikasema moyoni, kuna shida gani?

Nanyuki, yaani Fort Worth

Kioko alinichukua kwa gari lake, tukafika kwa Wendell jua likichomoza. Tulimkuta langoni amevaa kofia pana na tai, mkononi ana bendera ndogo ya Uingereza. Alitusalimia vizuri, kisha akawa anachungulia nyuma yetu, ndani ya gari, hadi kiti cha nyuma.

"Na yule bibi wa Kiingereza?" akauliza.

Nilipomwambia kwa simu kwamba babu yangu aliendesha lori la jeshi la Waingereza, yeye alimwona Mwingereza. Mezani alikuwa amepanga vikombe vyenye maua na biskuti kwenye sahani ya udongo.

Kioko akanisukuma mbele. "Bibi wa Kiingereza ndiye huyu. Jua limemchoma kidogo tu."

Wendell alicheka hadi kofia ikaanguka, na kuanzia hapo tukawa ndugu. Akatuhudumia chai. Ilitoka kwenye dumu, ina sukari, na imejaa barafu. Mimi niliyelelewa kwa chai ya maziwa inayounguza ulimi, nilikiangalia kikombe kama mtu aliyeletewa ugali na jamu.

"Mzee, chai yako imepoa," nikamwambia kwa upole.

"Imepozwa," akasema kwa fahari. Nikaimwaga kisirisiri kwenye nyasi. Dumu lilibaki limejaa, naye akalipakia nyuma ya lori kwa ajili ya safari.

Kisha akalivua lori turubai. Jamani! Pua bapa, kioo cha mbele kimeinamia ndani kama mtu anayetazama viatu vyake, na usukani upande wa kulia, vilevile baba alivyokuwa akitusimulia. Mheshimiwa Kioko, mwenye watoto wawili na ndevu, alizunguka lile lori akiruka kama mwanambuzi. Nikamuuliza Wendell kwa nini halipakii kwenye trela kama wenzake.

"Lori kubebwa na lori jingine?" akasema. "Hiyo ni aibu."

Babu angempenda mtu huyu.

"Sasa honi," nikasema.

Wendell akatabasamu, akapanda, akabonyeza. Lori likalia kama ng'ombe.

Simaanishi lilifanana kidogo na ng'ombe. Lilikuwa ng'ombe kamili, aliyeshiba, anayeita ndama wake. Mjukuu wa Wendell alilifungia king'ora hicho kwa ajili ya gwaride la wachunga ng'ombe, na honi ya asili ilikuwa imekufa zamani. Wendell akabonyeza tena, akidhani nimenyamaza kwa furaha.

"Sista," Kioko alininong'oneza, machozi ya kicheko yakimtoka, "si uliahidi shangazi?"

"Tutamwambia imeharibika," nikasema. "Ole wako uiguse."

Isiolo, yaani Waxahachie

Lori halipendi barabara kuu, nayo barabara kuu hailipendi lori. Tukashika njia ya kusini mashariki: lori mbele, Wendell kwenye usukani, mimi kushoto kwake, na katikati yetu kifuniko cha injini kipana kama meza na cha moto kama jiko. Kioko alitufuata na gari lake, taa za dharura zikimetameta. Nyuma ya Kioko ilifuata nusu ya Texas.

Tulipokaribia Waxahachie nilitandaza leso juu ya mapaja, nikatoa mayai ya kuchemsha na chumvi yangu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshika yai la pili kwa mikono miwili, namenya taratibu, gari la polisi lilipotuwashia taa. Wendell akasimama pembeni. Polisi, kijana mrefu, akaja dirishani kwangu, maana nchi hii dereva hukaa kushoto.

Akatazama mikono yangu. Yote miwili. Akatazama mbele yangu palipotakiwa kuwa na usukani, hapakuwa na kitu.

"Mama," akasema polepole, "nimewafuata mwendo mrefu, na sijakuona ukigusa chochote isipokuwa yai."

"Ni la pili," nikasema, kwa sababu ya hofu.

"Gari hili anaendesha nani?"

Nikaegemea nyuma. Ng'ambo ya injini, Wendell akainua kofia yake. Yule polisi aliinama, akashika dirisha, akabaki ameinama hivyo, mabega yakimtetemeka. Kosa letu lilikuwa msururu tuliouvuta, tukaombwa tuwe tunajitenga pembeni magari yapite. Lakini kabla hajaondoka Wendell akasema, "Hujasikia honi yake." Polisi akaomba irudiwe mara tatu. Nikala yai langu kwa huzuni.

Laisamis na Marsabit, yaani Corsicana hadi karibu na Fairfield

Corsicana tulipita salama, tukipiga hesabu ya mwendo, na hesabu ilitukubalia. Tungefika mapema. Nilimpigia Nduku kumwambia shangazi asivae viatu bado.

Mbele kidogo ya hapo, kwenye kivuli chembamba cha mti, vani ilikuwa imesimama, tairi la nyuma limelala chini kabisa. Kando yake watoto wanne wamevaa nguo nyeupe za sherehe, na mama aliyejifunga kitenge juu ya gauni alikuwa anapunga mkono.

"Simama," nikamwambia Wendell.

Simu ikalia hapohapo. Ni Kioko, kutoka nyuma. "Sista, usiniambie."

"Gari lililosimama halipitwi."

"Hiyo ilikuwa Marsabit! Huko kulikuwa na simba! Hapa watu wanapiga simu tu, wanavutwa!"

"Wanavutwa na nani? Huyo atakuja baada ya saa ngapi?"

"Na shangazi je? Utamwambia nini?"

Nilijua tu kwamba nimewaimbisha watoto sheria hiyo miaka yote, na mmojawapo yuko nyuma yangu ananitazama. Lori likasimama.

Walikuwa Warundi wa Vickery Meadow, Dallas, wanaenda Houston kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yao. Baba yao, Jean, alikuwa na tairi la akiba lakini jeki imevunjika. Mkewe, Mama Divine, alilitazama lori letu kuanzia pua hadi mkia.

"Dada," akaniambia kwa Kiswahili, bila kuuliza kama ninakijua, "mumetoka wapi na hii gari? Vita imerudi?"

"Imerudi kuwatafuta nyinyi."

"Haki ya Mungu, mutusaidie kwanza, halafu mupigane."

Wendell akatoa jeki ya lori. Jeki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuinua tani za risasi, haikujua kuinua kidogo. Vani ilipanda mpaka Jean akaanza kusali, na watoto wakashangilia kama wako kwenye maonyesho. Kulibadilisha tairi ilikuwa kazi ndogo. Kuishusha vani bila kuivunja ndiko kulikokula muda wetu wote wa akiba. Nikamwona Kioko akitazama saa, kisha akinitazama mimi, kisha akikaza nati.

Tulipomaliza nikataka tuondoke. Nani angeniruhusu? Mama Divine alikwisha fungua sufuria: maharage ya mawese, ndizi za kupika, na ndagala wadogo waliokaangwa wakakauka. "Hamuwezi kuondoka na njaa, ni aibu kwangu." Wendell alioneshwa namna ya kuosha mikono kwa chupa, akala ndagala mzima mzima, kichwa na macho, akauliza kama wanauzwa Fort Worth. Divine mwenyewe, binti mkubwa, alimjibu kwa Kiingereza safi kwamba wanapatikana Dallas na kwamba ana kipande cha samaki kwenye masharubu.

Nilimweleza Mama Divine kwa nini tuna haraka, na kwa nini tulisimama licha ya hiyo haraka. Akamgeukia mumewe, wakasemezana Kirundi.

"Basi na sisi tuko katika msafara," akasema. "Nyinyi mbele."

"Mama, sisi ni wa polepole mno! Mtachelewa ubatizo."

"Si umesema wa polepole ndiye hutangulia? Mutoto hatatiwa majini kabla sufuria yangu haijafika."

Moyale, yaani Huntsville na mbele yake

Goti la Wendell lilikuwa limechoka. Kwa hiyo Kioko, aliyejifunzia udereva Machakos, usukani kulia, gia mkono wa kushoto, alipanda mahali pake, na Wendell akaendesha gari la Kioko huko nyuma, lisilo na klachi. Nilijifanya natazama nje. Ukweli nilikuwa natazama mkono wa Kioko juu ya gia, mkono ule niliokuwa nauosha, namna ulivyoitafuta gia ya tatu kama kwamba umewahi kuwa pale.

Huntsville kuna sanamu jeupe la mtu, refu kuliko miti, limesimama kando ya barabara. Kioko akalipigia saluti. "Huyo ndiye afisa wa forodha wa Moyale," akasema. "Ametupitisha bila kukagua." Tukacheka, tukaimba vituo vyote kuanzia Nanyuki kwa sauti ya kuogeshwa.

Tulikuwa katikati ya mara ya tatu lori lilipokohoa. Likakohoa tena. Kisha likanyamaza, na Kioko akaliacha lijiviringishe hadi kwenye nyasi.

Wendell alikuja akichechemea, akafungua kifuniko, akagusa bomba la petroli, akarudisha kidole haraka. "Petroli inachemka ndani ya bomba," akasema. "Joto. Haliwaki mpaka lipoe."

"Litapoa lini?"

Akatazama jua la Texas.

Simu ikalia. Nduku. "Dada, masanduku yako garini. Shangazi amekaa kwenye kiti karibu na mlango, anasema hatoki mpaka asikie. Nimebembeleza, nimetumia hata sauti ya kazini. Nikimchelewesha sana ndege itamwacha. Nifanyeje?"

"Mpe muda kidogo," nikasema.

Nyuma yetu milango ya vani ilifunguka kwa kishindo. Gari lililosimama halipitwi. Mama Divine akaja na watoto wake wote wa nguo nyeupe, akasikiliza habari ya bomba, akafungua kitenge chake kiunoni.

"Ukipika na moto ukizidi unafanya nini? Unaweka kitambaa cha maji. Maji iko wapi?"

Maji hatukuwa nayo, tulikuwa tumenawia yote. Tukatazamana. Kisha Wendell akaanza kutabasamu, akachechemea hadi nyuma ya lori, akarudi amekumbatia dumu.

Kitenge kikazungushwa kwenye bomba, na chai ile niliyoidharau asubuhi ikamiminwa juu yake, pamoja na barafu iliyobaki. Bomba likatoa mvuke. Pakanukia sukari. Nyuki wawili wakaja kuuliza. Tulimimina na kungoja, tukamimina na kungoja, Jean akisali tena, hadi Kioko akapanda, akajaribu, na injini ikawaka kwa mngurumo uliowarusha watoto nyuma.

"Sasa unaona," Wendell akaniambia, "chai hunywewa baridi."

Mega, yaani lango la Nduku

Houston nitawaambia nini? Tuliingia saa kumi imekwisha pita. Taa nyekundu, taa nyekundu, taa nyekundu. Watu walifungua madirisha wakatupiga picha, na mimi nilikuwa nawapungia mkono huku machozi yako karibu. Tukakata kona ya mwisho, tukasimama mbele ya lango la chuma la nyumba za kupanga anakoishi Nduku.

Lango hilo hufunguka kwa namba. Kibao cha namba kiko kushoto, chini, kwa ajili ya madereva wanaokaa kushoto kwenye magari mafupi. Nilijitoa dirishani hadi kiunoni, Kioko akinishika mkanda wa suruali. Vidole vyangu vilibaki hewani, mbali na vile vibonyezo. Simu yangu ilikuwa imezima, na ya Kioko ilibaki kwenye gari lake. Nyuma yetu gari la Kioko na Wendell ndani, nyuma yake vani, nyuma yake majirani wa Nduku waliotaka kwenda makwao.

Nikarudi kitini. "Nishuke?"

Kioko alikuwa anatazama kibonyezo cha honi.

"Usithubutu," nikasema. "Hawezi kumuaga babu kwa sauti ya ng'ombe."

"Sista," akasema, na hakuwa anacheka, "babu alipiga aliyokuwa nayo."

Akabonyeza. Ng'ombe mfupi. Ng'ombe mfupi. Na ng'ombe mrefu, mrefu, akapita juu ya mapaa ya Houston.

Mtoto fulani akacheka kwenye roshani. Kisha mlango wa chini ukafunguka, akatoka Shangazi Ndunge, amevaa koti la safari na viatu vya kanisani, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeinuliwa juu umeshika rimoti ya Nduku. Hakuwa anakimbia, magoti hayo hayakimbii tena, lakini mwili wote ulikuwa unafanya kana kwamba unakimbia. Nduku alimfuata akiita, "Shangazi, polepole!" Akafika katikati ya uwanja, akaelekeza rimoti kule sauti ilikotoka, na lango likaanza kufunguka.

Kioko akaliingiza lori taratibu, akasimama mbele yake. Shangazi akaweka kiganja kwenye pua bapa ya moto, akaipapasa, akapanda na mkono hadi kwenye kioo kilichoinama.

"Ndilo," akasema. Kisha akageuka. "Mmechelewa."

Nikashuka mbio. "Shangazi, nisamehe kuhusu honi, mjukuu wa mwenye lori ndiye aliyeibadilisha, ya asili ilikuwa..."

"Ya asili?" Akaanza kucheka, akashikilia lori asianguke. "Mwikali, nani aliwaambia honi ya baba ilikuwa nzuri? Ilikuwa kama mbuzi aliyekabwa! Ng'ombe zetu zilikuwa zinakimbia. Hii ni afadhali mara mia. Kioko, piga tena."

Kioko akapiga. Tukapiga kwa zamu sote, hata Mama Divine, kabla hatujamuaga aende ubatizoni kwa vigelegele tupu, maana hapakuwa na muda. Shangazi akakataa gari la Nduku. Alikaa mahali pangu, kushoto, na mimi nikaenda na masanduku. Hivyo ndivyo alivyofika uwanja wa ndege: lori mbele, sisi nyuma, Wendell wa mwisho, na kila taa nyekundu ikamsikia ng'ombe. Ndege ilimngoja, au ilichelewa yenyewe. Sikuuliza.

Siku mbili baadaye Nduku alinipigia akiwa nje ya lango lake, amekwama. Rimoti haionekani. Tukampigia shangazi Machakos. Tulimsikia akifungua mkoba, akichakura.

"Ninayo hapa," akasema.

"Shangazi, huko itafanya kazi gani?" Nduku akauliza.

"Wewe usijali. Siku mkija, pigeni honi kwenye kona ya chini. Mimi nitafungua."